Baba Angenisikia

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu wa rika langu, mbukwenyi. Na ninyi mliobanana mlangoni ingieni, hakuna aliyekatazwa.

Lakini dirisha lile la upande wa minyaa naomba liachwe wazi. Najua vumbi la mwezi huu, na mama pale anakohoa, mama uniwie radhi. Kuna mtu namtaka asikie, nanyi mtamjua kabla sijakaa.

Mwalimu wa kanisa ameniambia niseme kwa kifupi, maana leo ni sikukuu ya mavuno na kila mtu ana shukrani yake. Nimemwitikia ndiyo. Tutaona. Wengine wenu mmeteka maji kisima kimoja nami siku zote hizi hamkujua kama nina sauti, basi leo nivumilieni. Majina ya watu sitayataja. Mengine hata nikitaka siwezi, maana mila ya kwetu hainiruhusu, na habari yenyewe inaanzia hapo hapo.

Nilipoolewa, mama yangu mzazi alinifunga kaniki mpya akanipa maneno ya kwenda nayo. Baba mkwe wako, alisema, hutamtazama usoni. Jina lake hutalitaja, na kama jina lake ni la mti, basi mti ule utautafutia jina jingine. Ukimwona njiani, wewe pinda upite majanini. Na sauti yako asiisikie ikipanda. Mkwe anayesikika ni mkwe asiyelelewa. Nikayashika maneno hayo yote, nikayashika sana. Wapo hapa wanawake wanaotikisa kichwa, wanajua ninachosema. Nilikuwa nikimwita mtoto wangu kwa kumpungia mkono. Kuku nawafukuza kwa upande wa kanga, bila kusema hata shii.

Na baba mkwe wangu hakuwa mkali, msidhani. Mkewe alikuwa ameshafariki, anaishi upande wake wa nyumba yetu ya tembe, mimi upande wangu na watoto. Chakula nakiweka kizingitini, nakohoa kidogo, naondoka. Yeye anakuja anakula, bakuli analirudisha pale pale limefunikwa. Hivyo ndivyo tulivyopendana, bila kuonana.

Mume wangu alikwenda Kongwa, kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, kama walivyokwenda wanaume wengi wa huku. Nyuma yake nikabaki na ng'ombe wachache na mikono yangu. Nikawa natikisa maziwa, napika samli, naijaza kwenye kibuyu, naitwika mpaka Mpwapwa mjini kwa Mhindi mmoja mwenye duka. Mhindi yule alikuwa akifungua kibuyu changu ananusa, kisha anamwita mkewe naye aje anuse. Ndugu zangu, nawaambia, ile safari niliipenda. Watoto wangu walivaa kwa sababu ya miguu yangu. Narudi na chumvi, narudi na kitambaa, nimenyoosha shingo, naona dunia yote ni yangu.

Basi ilikuwa wakati kama huu, mtama umeshakatwa. Nimetoka nyumbani asubuhi jua limepanda, kibuyu kichwani. Pale njia inaposhuka korongoni, mnapajua, kwa chini ya shamba letu, nikamkuta mwanamume amekaa kwenye ukingo anajichokonoa mguu kama mtu aliyechomwa mwiba. Mgeni. Wakati ule njia zilijaa wageni, wengi wao watu wema tu waliokuwa wakitafuta kazi. Akaniamkia vizuri. Akaniuliza njia ya mjini. Nikasimama nimweleze, ndivyo tulivyofundishwa, mgeni haachwi bila jibu.

Akanishika mkono. Nikavuta, akauzungusha nyuma mpaka nikasikia kifundo kinalia. Kibuyu kikaanguka kikapasuka, samli yote ikaingia mchangani. Akanitupa chini, akanipiga teke la mbavu, akanivua kanga ya kichwani na ushanga wa shingoni, ule aliouvaa bibi yangu.

Sasa nisikilizeni hapa. Juu ya korongo lile, nyuma ya ua wa minyaa tu, ndipo palipo uwanja wetu wa kupuria mtama. Na baba mkwe wangu alikuwa pale. Nilikuwa nasikia gongo lake likipiga mtama. Nilimsikia akikohoa. Nilimsikia akimsemesha mbwa wake. Ningefungua kinywa mara moja tu, angekuwa amefika kabla mtu yule hajainama.

Sikufungua. Nimelala mchangani, kichwa wazi, nguo imechanika begani, na moyoni nasema, Mungu wangu, baba asije akanisikia. Asije akaniona hivi.

Mtu yule akaondoka zake. Hakukimbia, jamani. Alitembea taratibu kama mtu atokaye shambani kwake. Hilo liliniuma kuliko mbavu.

Nilirudi nyumbani kwa kuzunguka, ili nisipite uwanjani. Nikasema nimeteleza. Kifundo kikavimba, kikapona. Mbavu zikapona. Mimi sikupona. Nikawa siwezi kwenda njia ile, kisha nikawa siwezi kwenda njia yoyote. Kisimani nangoja mpaka wapite wanawake wengi niwafuate kama ndama. Mtu akinigusa bega kwa nyuma kunisalimu, natetemeka mpaka jioni. Maziwa nikaendelea kutikisa kwa mazoea, samli inajaa, hakuna wa kuipeleka, inachacha. Watoto nguo zikawachakalia mwilini. Mkubwa aliniuliza kama Mhindi amekufa. Nikamwambia Mhindi mzima, mama yako ndiye mgonjwa.

Mliniletea dawa, nakumbuka. Mmoja wenu mizizi, mwingine mafuta, mwingine akaja kuniombea. Mungu awabariki, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeyaficha. Mngeniponyaje ugonjwa ambao sikuwatajia?

Ndipo akaja shangazi. Huyu hapa amekaa mbele, msimtazame, ataanza kujivuna. Ni shangazi wa mume wangu, dada wa baba mkwe, tumbo moja. Mnajua shangazi katika mji wa kaka yake ni mtu gani. Yeye anaingia pande zote mbili za tembe, anamsema kaka yake, anamsema mkwe, na hakuna wa kumjibu. Tena huyu alikuwa na jambo lake. Baba yao alikawia kupata mtoto wa kiume, kwa hiyo binti ndiye aliyechunga. Alikulia porini na wavulana wa mbuga nzima, akacheza nao fimbo kama wavulana wanavyocheza, kupiga na kukinga, kuangushana. Mpaka leo ana kovu kwenye paji. Ukimwuliza anasema aliyempa hilo alipewa mawili.

Alikuja kutusaidia kupeta mtama. Siku ya kwanza akanituma niwaite mbuzi kando ya korongo. Nikasema kichwa kinauma. Siku ya pili akanituma tena. Nikasema mguu. Akaweka ungo chini, akaniketisha tubangue karanga, na katikati ya karanga akaniuliza kama anauliza habari za mvua, "Ni nani aliyekugusa?"

Nikamwambia yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza kaka yake alikuwa wapi siku ile. Nikasema alikuwa anapura mtama. Umbali gani? Nikasema nilikuwa namsikia akikohoa.

Akalitupa ganda alilokuwa nalo. "Na hukupiga yowe."

"Shangazi," nikamwambia, "baba angenisikia."

Alinitazama. Kisha akacheka, na alipokuwa anacheka machozi yakamtoka, akajifuta kwa kiganja chenye maganda ya karanga, nami nikalia, tukalia wote wawili pale kama wafiwa. Halafu akasema tumeshalia inatosha, kesho ng'ombe wakitoka nikutane naye zizini.

Zizini, jamani. Nikadhani tunazoa samadi. Kumbe samadi kavu ni godoro, mtu akianguka haumii. Jambo la kwanza alinifundisha kuanguka. Ananisukuma, naanguka, ananiambia si hivyo, kidevu kiingie kifuani, jiviringe, inuka. Kutwa nzima. Nilirudi nyumbani natoa majani ya ng'ombe masikioni.

Kisha mkono. Aliniambia mkono uliokushika ni kama zizi, hata uzungushiwe miiba namna gani lazima uwe na mlango, na mlango wake ni pale kidole gumba kinapokutana na vingine. Toka kwa mlango. Usivute kurudi nyuma, ndicho anachotaka, atakufuata. Msogelee. Piga hatua moja kwake, geuza kifundo, toka. Ananishika, natoka. Ananishika kwa nguvu, natoka. Na kila nikitoka nikimgonga nasema samahani shangazi. Akachoka. Akaniuliza kama mwizi naye nitamwandalia uji.

Kisha fimbo. Fimbo ya kuchungia kwa kwetu ni ya mwanamume, na mimi niliona haya hata kuishika. Akanionyesha kwamba haihitaji nguvu nyingi. Mpige mtu kwenye muundi wa mguu, pale ambapo mfupa hauna nyama. Hata awe mkubwa kama nyumba, muundi wake ni kama wako. Ukishampiga usikae kumtazama, nenda. Hilo alilisema mpaka nikaliota. Alisema wanaume wengi waliumia kwa kutaka kuona kama mwenzao ameumia.

Majirani wakatuchungulia juu ya ukuta. Wakacheka. Keshoye mmoja akaja na mtoto mgongoni, akasema naye ana la kutoa moyoni. Akaja mwingine. Tukawa wengi mle zizini, na waume zetu waliokuwapo wakaambiwa tunazoa samadi. Sasa mmejua. Msitugombeze, mazizi yalikuwa safi.

Mikono yangu ikajifunza, miguu ikajifunza. Kilichobaki ni sauti. Shangazi alisema mwanamke peke yake njiani silaha yake ya kwanza ni yowe, fimbo inafuata. Kwetu yowe likipigwa, mwenye jembe hulitupa, anayenyonyesha humpa mwenzake mtoto, watu hukimbia kule lilikotoka bila kuuliza. Na kwa sababu hiyo yowe halichezewi. Anayelipiga bure hulipa mbuzi. Sasa utajifunzaje jambo ambalo huwezi kulijaribu?

Alinipeleka mlimani, mbali, kwenye mawe matupu. Akaniambia piga. Nikafungua kinywa kikatoka kitu kama kifaranga. Piga tena. Kifaranga. Akanishika kama mwizi, nikajitoa vizuri kabisa, kinywa kimefungwa. Aliniuliza ninaona nini nikifumba macho. Nikamwambia naona mgongo wa baba uwanjani. Mjue tulikuwa mbali, hata moshi wa nyumbani hauonekani.

Tukarudi nyumbani. Jioni akaenda upande wa kaka yake, na huko akamwambia kila kitu. Nilipojua nilitaka ardhi ipasuke. Chakula nilikiweka kizingitini bila hata kukohoa. Bakuli lilirudi halijaguswa. Kesho yake halijaguswa. Nikajua basi, nimeshakuwa mkwe aliyefedhehesha mji, nikaanza kufunga vitu vyangu nirudi kwetu.

Asubuhi ile ninafunga mzigo, nikasikia mbwa wake karibu na zizi. Nikachungulia. Baba mkwe alikuwa ameketi kwenye gogo la lango la zizi, amenipa mgongo. Amemshika ndama kwa shingo. Akaanza kumsemesha ndama yule kwa sauti ya kusikika, na nyote wa kwetu mnajua, mtu asipoweza kusema na mkwe wake husema na mnyama, na mwenye masikio husikia.

"Wewe ndama," alisema, "mwambie mama wa wajukuu zangu kwamba mimi nilikuwa pale. Nilikuwa pale na gongo mkononi, na mtoto wangu anapigwa chini yangu, sikujua. Mwanangu akirudi kutoka Kongwa nitamwambia nini? Kwamba mkewe alinyamaza kwa kuniheshimu? Heshima hiyo siitaki. Mwambie nimepita kwa majirani wote, nimewaambia yowe litakalotoka kwangu leo ni la kujifunza, asije mtu. Mwambie nimekaa hapa nasikiliza."

Shangazi akatokea sijui wapi, akanishika mkono akanileta uani. Nikasimama nyuma ya mgongo ule. Nikafungua kinywa, kifaranga kikatoka.

Akamwambia ndama, "Sijasikia."

Nikajaribu tena. Ikatoka sauti kama ya mtu mwenye mafua.

"Mwambie masikio yangu ni mazito."

Sijui kilichonipata. Nilitazama ule mgongo, na shuka lake lililochanika pale katikati ambalo mimi ndiye niliyelishona, nikakumbuka mchanga kinywani, nikakumbuka yule mtu anavyotembea taratibu. Nikapiga. Nilipiga yowe mpaka mbuzi wakavunja boma, mpaka ndama akamponyoka baba mkwe. Lilipokwisha nikavuta pumzi nikapiga jingine, hilo halikuombwa na mtu. Nikalia nalo.

Baba mkwe hakugeuka. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Akasema, bila ndama sasa maana ndama ameshakimbia, "Hapo nimesikia."

Na majirani walioambiwa wasije? Walikuja wote. Wanaume na mashoka, mama mmoja ana unga mpaka viwikoni, yuko hapa. Shangazi akawauliza kwani hamkuambiwa. Yule mama akajibu kwamba yeye aliambiwa, lakini miguu yake haikuambiwa.

Jioni ile bakuli likarudi tupu. Na asubuhi langoni pa zizi nikakuta fimbo ya mkole, mpya, imekwanguliwa vizuri, imekatwa fupi kwa kimo changu. Haikuwekwa mkononi mwangu, haiwezekani. Iliwekwa chini, ncha ikielekea njia ya Mpwapwa.

Nikaenda. Siku ya kwanza shangazi akanisindikiza hadi korongoni akaniacha. Nilipofika dukani Mhindi alifungua kibuyu, akanusa, akamwita mkewe, na mke alipotoka ndani akanikumbatia na samli yangu, tukachafuka wote.

Sasa nimalizie, Mwalimu ananitazama. Mvua za kwanza zilipokaribia, pale pale korongoni, mtu akatoka nyuma ya kichuguu akanidaka mkono. Mkiniuliza kama ni yule yule, sijui, sikumtazama uso. Nilitazama kidole gumba. Nikamsogelea hatua moja, nikatoka kwa mlango, fimbo ikaenda muundini kabla sijaiambia. Akainama. Nami nikapiga yowe.

Huyu alikimbia, wapenzi wangu. Alikimbia anachechemea, na mimi sikukaa kumtazama. Nikapanda juu kwa mbio, kibuyu nimekikumbatia, na wa kwanza kuvuka minyaa alikuwa baba mkwe. Mzee mzima, jembe juu, kiatu kimoja. Tukakutana uso kwa uso. Akanitazama machoni, nikamtazama. Siku ile ndipo nilipojua kwamba mume wangu ana macho ya baba yake.

Akashtuka, akageuka haraka akanipa mgongo. Akauliza, hakumwuliza ndama wala mbwa, aliniuliza mimi, "Samli imemwagika?"

Nikasema, "Haikumwagika, baba."

Kesho yake alileta jogoo kwa kosa la kumtazama mkwe, maana mila ni mila. Jogoo yule sikumchinja. Ndiye anayewaamsha mapema mnaokaa jirani, na mnaomlaani mkome kuanzia leo.

Shukrani zangu basi. Shangazi, ulinitoa zizini mzima kuliko nilivyoingia. Wanawake wa samadi, Mungu awape nguvu ya miguu. Ninyi mlioambiwa msije mkaja, nimelala usingizi kwa sababu yenu. Mume wangu amerudi, ameketi pale, amelisikia jambo hili mara nyingi na bado analia, mwacheni. Na Mungu, aliyenipa kinywa, akangoja mpaka nikakitumia.

Nanyi wenye wana wanaooa, mkwe akiingia nyumbani kwenu mfundisheni heshima zote, nami nitakuja kusaidia. Lakini mumfungulie na kinywa chake. Kwetu sasa ndivyo ilivyo, bibi harusi akifika, mkwewe huketi langoni pa zizi amempa mgongo, na yeye bibi harusi hupiga yowe moja, ili ajue njia iko wazi.

Sasa lile dirisha. Pale nje, kivulini, ameketi mzee, ametupa mgongo. Si mtu wa kanisa, na ndani hawezi kuingia kwa sababu mimi nimo. Amekuja toka asubuhi kusikia mkwewe akisema mbele za watu. Lakini amezeeka, na sasa masikio yake ni mazito kweli, na nina wasiwasi haya yote hayakumfikia. Kwa hiyo Mwalimu unisamehe, na ninyi wengine nawatangazia mapema, asiinuke mtu.

Asante, baba! Asante!

Ameinua fimbo yake. Amesikia. Kaeni, ndugu zangu, kaeni. Na wewe mama wa unga, unakwenda wapi? Nimesema ni shukrani tu. Rudi uketi.